Kadi za kusomea utamaduni: shajara ya mradi

Nataka kutengeneza kadi 20 za dhana za msingi za sosholojia, kwa Kiswahili, ambazo mtu asiyewahi kuingia darasa la somo hilo anaweza kuzishika mkononi na kutazama utamaduni kwa msaada wake, wake mwenyewe na wa wengine. Mimi ni mhariri wa maandishi ya watu, si mwanasosholojia. Wajaribu wangu ni watatu: dada yangu, rafiki yangu fundi wa kompyuta, na mwanafunzi wa sekondari aliyekubali kwa sababu aliahidiwa hakuna mtihani. Gharama naiandika kwa saa na kwa kadi zilizotupwa. Kusoma, kukata karatasi na kunakili sitavieleza. Atakayetaka kuiga atavijua mwenyewe.

6 Januari: Nilianzia mahali pabaya

Nilianza na neno lenyewe, utamaduni, nikidhani nyumba huanzia msingi. Nilisoma fasili ya mwanaanthropolojia Edward Tylor ya mwaka 1871, ile inayokusanya maarifa, imani, sanaa, maadili, sheria, desturi na kila uwezo au zoea ambalo binadamu hulipata akiwa mmoja wa jamii. Kisha nikakuta kwamba mwaka 1952 Alfred Kroeber na Clyde Kluckhohn walikusanya fasili za utamaduni zikafika 164. Hapo ningepaswa kushtuka nikafunga daftari. Badala yake nikaandika ya 165: "Utamaduni ni mfumo mzima wa maisha ya watu."

Niliwapa wajaribu kazi moja: nileteeni kitu kimoja ambacho ni utamaduni. Dada alileta picha ya mavazi ya harusi. Fundi alitaja ngoma. Mwanafunzi alisema, "Mambo ya wazee." Hakuna aliyetaja foleni, ratiba, simu, wala namna tulivyokuwa tumekaa pale tukipokezana kusema bila mtu kutupangia zamu.

Kosa lilikuwa mara mbili. Fasili yangu ilibeba kila kitu, na ungo usio na matundu haupepeti. Halafu neno lenyewe lina asili yake. Utamaduni limetokana na Kiarabu tamaddun, kushika mwenendo wa watu wa mjini, shina moja na madina, yaani mji. Jirani yake, ustaarabu, lilianzia kwenye kufuata mwenendo wa Waarabu. Kwa hiyo masikio yetu yanaposikia utamaduni husikia ama ubora fulani ama ukale fulani. Mwanasosholojia hashughuliki na hayo mawili. Kwake hakuna mtu asiye na utamaduni, na kujua upande gani wa lifti usimame ni utamaduni sawasawa na kutunga utenzi.

Gharama: saa 7, kadi 6 zimetupwa.

9 Januari: Kadi tupu

Nimechukua kadi moja, nikaandika UTAMADUNI juu, chini nikaiacha wazi. Itajazwa mwisho.

Kwa Tylor nimebakiza kipande kimoja tu: hulipata akiwa mmoja wa jamii. Kipande hicho kinatosha kuwa kipimo. Swali lake: mtoto aliyehamishwa siku aliyozaliwa, akalelewa na watu wengine kabisa, angelifanya jambo hili vilevile? Kupiga chafya angepiga. Atakaloambiwa baada ya chafya, au asiloambiwa, ndilo la jamii iliyomlea. Mwanafunzi alilipenda swali hili akaanza kulitumia kwa kila kitu: kupiga miayo, kulia msibani, kuogopa giza. Lilipomkwama kwenye kulia msibani (machozi si ya kufundishwa, lakini nani alie, kwa sauti gani, na anyamaze lini, ni ya kufundishwa) nilijua kadi ya kwanza imekaa. Nimeiita malezi ya kijamii. Mgongoni nimeandika "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu", kwa sababu methali hiyo inataja ngazi mbili ambazo vitabu huzipa sura nzima: malezi ya mwanzo nyumbani, na yale yanayofuata shuleni, kazini na kwa marika.

Kadi ya pili, ishara, ilipita kwa urahisi. Clifford Geertz, mwaka 1973, alitumia mfano ambao yeye naye aliuazima: vijana wawili wanafumba jicho moja kwa haraka, mmoja ni mtukutiko wa msuli, mwingine anakonyeza. Kamera ingewaona sawa. Kiswahili kilinirahisishia, kwa kuwa tuna kitenzi kizima, kukonyeza, kwa lile tendo lenye maana.

Tangu leo kila kadi ina mistari minne: neno, maana kwa sentensi moja, tukio lililoonekana na mmoja wetu, na mstari niuitao SIYO: kitu kinachofanana nayo lakini si yenyewe. Mstari wa nne ndio unaochukua muda.

15 Januari: Kutenganisha mapacha

William Graham Sumner, mwaka 1906, alitenganisha kaida nyepesi, ambazo mtu akizivunja ataonekana wa ajabu tu, na kaida nzito, ambazo mtu akizivunja ataonekana mbaya. Nikafurahi: tuna mila na desturi, basi desturi iwe nyepesi, mila iwe nzito. Kazi ya nusu saa.

Ilishindikana palepale. Wajaribu walipewa matukio kumi wayagawe mafungu mawili, na kila mmoja aligawa kivyake. Dada alisema kweli: "Maneno haya tangu nizaliwe sijayasikia yametengana." Mila na desturi hutamkwa kwa pumzi moja, kama hali na mali. Zaidi ya hayo, mila limeshachukua upande. Anayesema "Mwacha mila ni mtumwa" haelezi jambo, anaonya. Neno linaloonya halifai kuwa chombo cha kupimia.

Nimeiacha mila kabisa. Marekebisho: kaida ndiyo mama, kwa kila tarajio la jinsi mtu anavyopaswa kutenda. Chini yake desturi (nyepesi), kaida nzito, na mwiko, lile ambalo hata kulifikiria kunamchefua mtu. Sheria iko pembeni, kwa sababu ina mwandishi, ina tarehe, na ina watu wanaolipwa kuisimamia.

Kipimo cha uzito nilikiandika "hasira ya wanaotazama", na fundi akakivunja kwa mfano mmoja. Aliyemruka kwenye foleni humkasirisha kuliko anayenakili programu bila leseni, ilhali la kwanza ni desturi na la pili limo kwenye sheria. Alikuwa sahihi. Hasira inapima aliyeguswa, haipimi kaida. Kipimo kipya: je, wanaotazama wanakisema kitendo, au wanamsema mtu? "Hiyo siyo namna" ni desturi. "Huyo si mtu" ni kaida nzito. Kwa kipimo hiki kuruka foleni kunabaki kwenye desturi mpaka mtu arudie mara ya tatu, na hapo kuna somo ambalo sikulitafuta: uzito wa kaida hubadilika kwa kurudiwa.

Gharama tangu tarehe 9: saa 8, kadi 9.

22 Januari: Vikwazo

Dhana inayofuata ni yale ambayo jamii humrudishia mtu kwa kufuata au kuvunja kaida. Nilitafsiri vikwazo, kama redioni. Fundi alisoma kadi akauliza ni nchi gani imewekewa. Tena neno lile linaua nusu ya dhana, kwa kuwa kusifiwa, kupandishwa cheo, hata kutabasamiwa, vyote vimo humu. Sasa inaitwa malipo ya kijamii, na kwa Kiswahili malipo ni ya heri na ya shari pia: utalipwa, na utamlipa. Mstari wa SIYO: malipo yasiyotoka kwa watu. Ukiteleza kwenye ngazi ukaumia, hujalipwa kijamii; waliokucheka ndio waliokulipa.

Gharama: saa 2, kadi 2.

30 Januari: Jaribio lililonigharimu kuomba radhi

Kadi ya kaida ilihitaji tukio langu mwenyewe. Harold Garfinkel, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1967, aliwatuma wanafunzi wake wavunje makusudi yale ambayo watu huyaona hayahitaji kusemwa. Mmoja alisalimiwa u hali gani, akataka afafanuliwe: hali ya nini, ya afya, ya fedha, ya masomo? Aliyesalimia alighadhibika.

Nikamfanyia fundi. Alipouliza "Habari?" nikajibu, "Habari za nini?" Hakughadhibika hata chembe. "Za kazi, za nyumbani, za tangu juzi," akaendelea kuzipanga, nami nikabaki natafuta la kusema. Jaribio lililowatibua watu kwa Kiingereza halikutikisa kitu kwa Kiswahili. Salamu yetu ina mlango huo tayari: habari huwa za kitu, na kuulizwa za nini ni kukaribishwa uendelee. Atakayeiga mradi huu asinakili majaribio ya watu pamoja na maneno yao. Atafute kaida ya lugha yake inakaa wapi.

Kwetu inakaa kwenye jibu. Habari hujibiwa "nzuri" kwanza, hata na anayeumwa, na ubaya huingia baadaye ukiwa umejificha nyuma ya "ila". Siku mbili baadaye fundi aliponitumia ujumbe wa habari za asubuhi, nikamwandikia neno moja: "Mbaya." Kisha nikaweka simu kando nione. Alipiga mara tano. Sikupokea, kwa kuwa nilikuwa naandika saa ya kila simu kama mtafiti wa kweli. Dakika arobaini baadaye alikuwa mlangoni, ameacha kazi ya mtu nusu.

Kadi ilipatikana, na ni nzuri: jibu la salamu halitoi taarifa, linafungua mlango, na anayeutoa ubaya bila "nzuri" ametangaza dharura. Lakini nilimtia hofu mtu ambaye hakuwa amekubali kujaribiwa, nikamwacha ahangaike huku nikitazama saa. Alikuwa na haki ya kununa, akanuna siku nne. Nimeomba radhi na nimeandika sharti mbele ya daftari: hatumvunjii kaida mtu asiyejua. Tunasubiri ivunjike yenyewe. Na kwa kweli huvunjika kila siku, tena bila gharama: mgeni, anayejifunza lugha, mtoto anayemuuliza mtu mzima kwa sauti kwa nini ana kipara. Watoto wametupa matukio sita tayari.

Gharama: saa 3, kadi 1, na siku nne za fundi.

5 Februari: Nafasi na dhima

Fupi. Ralph Linton, mwaka 1936, alitenganisha mahali mtu anapokaa katika jamii na mwenendo unaotarajiwa kutoka mahali hapo. Nilitafsiri ya kwanza hadhi, na wajaribu wakawa wanaorodhesha wakubwa tu: waziri, daktari, tajiri. Hadhi kwetu ni heshima. Mfungwa ana nafasi, mgonjwa ana nafasi, kitinda mimba ana nafasi. Nimebadilisha: nafasi, na dhima. Dada aliongeza tukio lake, kuitwa na mtoto wake darasani "mwalimu" na nyumbani "mama", na siku moja mtoto akakosea akaita "mama" mbele ya darasa zima. Sikuhitaji kuongeza neno.

Gharama: saa 1, kadi 3.

14 Februari: Kinachosemwa na kinachotendwa

Kadi ya thamani (yale ambayo jamii huyaona mema na ya kutafutwa) iliandikwa kwa siku moja. Iliyofuata ndiyo iliyonitesa: tofauti kati ya utamaduni unaosemwa na unaotendwa. Vitabu huonyesha kwamba kila jamii ina picha yake ya jinsi mambo yanavyopaswa kuwa, na ina jinsi yalivyo.

Tulianza kwa kujipima. Katika kundi letu la ujumbe lenye watu tisa niliuliza: mtu akiomba msaada kundini, ni lazima kumjibu? Wote walisema ni lazima. Nikarudi nyuma nikasoma maombi ya miezi iliyopita. Watatu ndio waliokuwa wakijibu kila mara. Wengine waliwaachia hao watatu. Nikaandika kwenye kadi: "Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo", na kwenye mstari wa maana nikaandika neno unafiki.

Hilo neno lilikuwa kosa, na nililigundua kwa sababu ya kazi ya Richard LaPiere ya mwaka 1934. Kwa takriban miaka miwili alisafiri Marekani pamoja na mume na mke vijana, Wachina, wakati chuki dhidi ya Wachina nchini humo ilipokuwa kali. Walifika kwenye hoteli na mikahawa 251. Walikataliwa mahali 1 tu. Baadaye akaandikia barua sehemu hizo akiuliza kama wangewapokea wageni Wachina. Kati ya 128 zilizojibu, zaidi ya asilimia 90 zilisema hapana.

Tazama inavyogeuka. Sisi tulizoea kuona maneno mazuri na matendo mabaya. Hapa maneno ndiyo mabaya, na matendo yakayashinda. Unafiki haulielezi hilo. Kinachoeleza ni kwamba kusema na kutenda ni mahali pawili tofauti: mwenye kujibu barua yuko peke yake na picha ya "Mchina" kichwani, aliyesimama mapokezini ana watu watatu mbele yake wenye mizigo, tabasamu na fedha ya chumba, na kumfukuza mtu uso kwa uso ni kuvunja kaida nyingine. (Wakosoaji wamesema pia kwamba huenda aliyejibu barua siye aliyekaa mapokezini. Sawa, nimeliandika ukingoni.)

Marekebisho: neno unafiki limefutwa. Kadi moja, pande mbili, upande mmoja UNAOSEMWA, mwingine UNAOTENDWA, na swali: ni nini kilichokuwapo hapa ambacho hakikuwapo kule? Nilirudi kwenye kundi letu la watu tisa nikiwa na swali hilo. Wasiojibu hawakuwa wakidanganya. Ombi likitumwa kwa tisa, kila mmoja huona wengine wanane.

Gharama: saa 6, kadi 1.

24 Februari: Pishi ya kwetu

Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi kuliko kwingine kote.

Etnosentrizimu ni neno ambalo Sumner huyohuyo alilipa nguvu mwaka 1906: kuliona kundi lako kuwa kitovu cha mambo yote na wengine kupimwa kwalo. Rasimu ya kwanza nilitafsiri ukabila. Wajaribu wote watatu waliniambia wao si wakabila, kwa hiyo kadi haiwahusu, wakairudisha mezani. Ukabila ni lawama. Ni upendeleo na chuki. Etnosentrizimu haihitaji chuki. Mtu mpole kabisa, asemaye "wale wanaandika kinyumenyume" kwa watu waandikao kutoka kulia kwenda kushoto, anayo.

Rasimu ya pili: ubinafsi wa kijamii. Walielewa uchoyo. Ya tatu: "nyani haoni kundule". Walicheka, wakasema inahusu makosa, na etnosentrizimu haihusu makosa, inahusu vipimo. Kicheko chao ndicho kilichonipa jibu. Kama ni vipimo, basi ni pishi, kile chombo cha kupimia nafaka. Kupimia wengine kwa pishi ya kwetu. Anayepimia pishi ya kwao hadanganyi hesabu; anahesabu vizuri kabisa kwa chombo ambacho wenzake hawakukubaliana nacho. Juu ya kadi nimeacha neno etnosentrizimu, kwa sababu mtu atalikuta kwingine, na pishi iko kwenye mstari wa maana.

Kuelewa maana hakukutosha kuwafanya waione kwao. Dawa niliipata kwa Horace Miner, ambaye mwaka 1956 alichapisha makala kuhusu kabila la Nacirema, lenye vibanda vya ibada nyumbani na tambiko la kila siku la kusugua kinywa. Ukilisoma jina kinyume utaona ni Wamarekani, na kibanda ni bafu. Nikaandika aya yangu kuhusu watu wengine:

"Watu hawa hulala na kibao cheusi karibu na kichwa. Waamkapo hukigusa kabla hawajamsalimu aliyelala kando yao. Kibao kikikaa kimya kwa muda mrefu hukitazama mara kwa mara kwa wasiwasi, na kikitoa mlio, hata aliye katikati ya mazungumzo na mzazi wake huinamisha kichwa. Kwa kibao kuishiwa nguvu, nimeona mtu mzima akizunguka chumba cha wageni akikagua kuta."

Mwanafunzi alisoma hadi "mazungumzo na mzazi wake" akasema watu hao wana dini mbaya. Dada alikuwa ameshaweka simu yake chini ya mto. Aya hii imefanya kazi ambayo fasili tatu zilishindwa.

Kisha ikaja dhana ya pili, ile inayosimama mkabala na hiyo, na nikaharibu upya. Niliandika: "Kila utamaduni uelezwe kwa vipimo vyake wenyewe." Dada akauliza: na anayempiga mkewe akisema kwao ndivyo, nisimhukumu? Mwanafunzi akajibu kwamba kwa kadi hii, ndiyo, kila kitu ni sawa. Wakabishana saa nzima na mimi nikiwa sina la kusema, kwa kuwa kadi yangu kweli ilisema hivyo.

Ugomvi huo si wetu tu. Mwaka 1947 chama cha wanaanthropolojia wa Marekani kilitoa tamko, lililoandikwa zaidi na Melville Herskovits, lililotilia shaka kama haki za binadamu zinaweza kuandikwa kwa ajili ya watu wote bila kuwa za utamaduni mmoja. Mwaka uliofuata, tarehe 10 Desemba 1948, Umoja wa Mataifa ukapitisha Azimio lake la haki za binadamu. Wenye elimu zao wamekuwa wakilivuta hili tangu wakati huo.

Nilichofanya ni kuikata dhana vipande viwili na kuchukua kimoja. Kipande cha njia: ukitaka kuelewa kwa nini watu wanafanya jambo, weka hukumu pembeni mpaka uweze kulieleza kwa namna ambayo wao wenyewe wangesema, ndiyo, ndivyo. Kipande cha maadili: hakuna wa kumhukumu mwingine kamwe. Kadi ina cha kwanza tu, na inaitwa kuahirisha hukumu. Kuahirisha si kufuta. Kesi iliyoahirishwa ina tarehe ya kurudi. Mstari wa SIYO umebeba kipande cha pili chote. Dada alikubali kwa sharti: iandikwe kwamba kwa "wao wenyewe" aulizwe pia anayepigwa, siyo anayepiga peke yake. Imeandikwa. Nadhani ndiyo sentensi bora katika mradi mzima, na si yangu.

Gharama: saa 11, kadi 8.

4 Machi: Tanzu na pinzani

Utamaduni mdogo haukufaa, fundi alisema wa mafundi wa kompyuta si mdogo. Utamaduni-tanzu ulikubalika mara moja, maana utanzu hutoka kwenye mti na haujaukataa.

Kosa lilikuwa kwenye jirani yake, utamaduni pinzani. Mwanafunzi aliweka humo kila kundi la vijana ambalo wazee hawalipendi. J. Milton Yinger alilalamikia jambo hilohilo mwaka 1960, kwamba neno moja linabebeshwa makundi ya aina mbili, akapendekeza jina la pekee kwa yale yanayojijenga kwa kugongana na thamani za jamii kubwa. Swali tuliloliandika: ukiondoa wanachokipinga, kuna kitu kinabaki? Kwa mafundi wa kompyuta hubaki lugha yao, utani wao na namna yao ya kusifiana. Ni tanzu.

Fundi hakuridhika, akaleta mfano mgumu: watu wa programu huria, wanaofuata wazo ambalo Richard Stallman alilitangaza mwaka 1983, kwamba msimbo wa programu uwe huru kusomwa, kubadilishwa na kugawiwa. Wanapinga umiliki wa msimbo. Lakini leseni yao ya mwaka 1989 inasimama juu ya sheria ileile ya hakimiliki, wakiitumia kuzuia mtu asiwanyime wengine. Tumeiweka kwenye mpaka wa kadi mbili, na tumeamua kila seti ibaki na mfano mmoja usioamuliwa.

Onyo kwa wanaoiga: kadi hizi mbili ndizo zinazozaa maneno ya "watu wa aina ile wako hivi". Ilitutokea mara tatu katika jioni moja. Sasa tukio linaandikwa kwa kitenzi cha wakati uliopita na idadi ya walioonekana: "watatu kati ya watano walifanya", siyo "huwa wanafanya".

Gharama: saa 5, kadi 5.

11 Machi: Uchelewaji

William Ogburn, mwaka 1922: vitu hubadilika upesi, kaida na sheria zinazovizunguka hufuata zikiwa nyuma. Mfano wake mmoja ni mashine za viwandani, zilizowajeruhi wafanyakazi kwa miongo kadhaa kabla sheria za fidia hazijatungwa. Ili kadi hii isimame niliandika kwanza ya utamaduni wa vitu na wa fikra, moja, pande mbili. Tukio tulikuwa nalo mkononi: alama inayoonyesha ujumbe umesomwa. Kitu kipo; kaida ya muda gani mtu aruhusiwe kusoma na kunyamaza bado haijakubaliwa, ndiyo maana watu wazima wanagombana.

Mwanafunzi aliuliza kama ni lazima kitu kitangulie. Si lazima. Max Weber, katika makala za 1904 na 1905, alionyesha imani ya dini ikitangulia na mwenendo wa kazi na mali ukifuata. Imeingia kwenye SIYO.

Gharama: saa 2, kadi 0. Ya kwanza.

20 Machi: Kadi iliyoachwa wazi

Zimekamilika 17, na ile tupu ni ya 18. Nilizokusudia za anomi (kaida zinapolegea mtu asijue afuate ipi) na mtaji wa kiutamaduni (ujuzi na ladha zinazomfaa mtu kama fedha) nimeziweka kando: ya kwanza, ya Émile Durkheim, ilihitaji kadi nyingine tatu chini yake, na ya pili, ya Pierre Bourdieu, kila nilipoiandika iligeuka kuwa kadi ya watu wenye fedha, kosa lilelile la hadhi.

Jana niliwapa wajaribu kadi tupu waijaze, kila mmoja peke yake, kisha tukalinganisha. Nilitupa mbili za kwangu. Iliyobaki ni hii, maneno mengi ni ya mwanafunzi: "Utamaduni ni yale tuliyofunzwa na watu mpaka tukasahau kwamba tulifunzwa." SIYO: tabia ya mtu mmoja, yale ya mwili, ubora. Fundi analipinga neno "tukasahau", anasema mengine tunayakumbuka vizuri, kama viboko vya shule. Nimeandika pingamizi lake nyuma ya kadi kwa penseli.

Niliwarudishia pia kazi ya tarehe 6 Januari, leteni kitu kimoja. Dada alileta ratiba ya wiki iliyobandikwa ukutani. Fundi alileta neno "nzuri". Mwanafunzi hakuleta kitu. Alisema kukaa kimya wakati mkubwa anaongea, halafu akamkata dada kauli ili kueleza zaidi.

Gharama: saa 4, kadi 2. Jumla ya mradi: saa 49, kadi 37 zilizotupwa, 18 zinazotumika. Atakayeanza aanze na kaida wala si utamaduni, awe na wajaribu wasiomwogopa, na aandike mstari wa SIYO kabla ya mstari wa maana. Ningejua hilo Januari ningeokoa angalau saa 15. Aprili naanza na watu wanne wapya ambao hawajaona rasimu hata moja, kuona ni kadi zipi zinasimama bila mimi kuwapo chumbani.